Ushahidi wa Jicho na Mianga ya Kaskazini

Mtu aliyesikia jambo huulizwa amelisikia kwa nani. Aliyeliona haulizwi tena, hutakiwa kusimulia tu. Heshima hii ya jicho ni ya zamani. Walakini mianga ya kaskazini, ambayo watu husafiri mbali ili waitazame, imeitia heshima hiyo mashakani.

Mianga hiyo huonekana zaidi katika mkanda unaoizunguka ncha ya sumaku ya dunia: Tromsø katika Norwei, Abisko katika Uswidi ambako milima huzuia mawingu, Yellowknife katika Kanada, Fairbanks katika Alaska. Majira yake ni tangu Septemba hata Machi. Si kwamba hukoma wakati wa kiangazi, ila usiku wa huko hauingii giza. Chembe za umeme zinazosukumwa na upepo wa jua huongozwa na sumaku ya dunia, zikaigonga hewa kiasi cha kilometa 100 juu ya nchi, na oksijeni ikatoa rangi ya kijani.

Msafiri hufika, akasimama katika theluji, akangoja. Mianga ikiwa na nguvu, huiona kijani kwa macho yake. Aghalabu huona kitu kama wingu la kijivu linalotikisika. Sehemu ya jicho itumikayo gizani haijui rangi. Kamera, kinyume chake, hukaa imefumbua jicho lake sekunde 5 au 10, ikikusanya nuru kidogo kidogo, kisha hutoa picha ya kijani kibichi. Usiku wa tarehe 10 Mei 2024 tufani kubwa ya jua iliifikisha mianga hata Florida, na wengi walioinua nyuso hawakuona kitu cha haja mpaka walipoinua simu.

Msafiri huyu huipeleka picha kwao na kusema, “Haya ndiyo niliyoyaona.” Je, amesema kweli?

Kumwita mwongo ni haraka mno. Kijani kile kipo. Upungufu ni wa jicho. Tena chombo kuwa shahidi si jambo jipya: mwaka 1741, mjini Uppsala, Celsius na Hiorter walitambua kwamba sindano ya dira hutikisika mianga inapotokea, na hakuna aliyeishitaki sindano kwa kuhisi lisilohisiwa na mkono. Hata hivyo, watu wa pwani ya Afrika Mashariki wanaobishana kila mwaka juu ya mwandamo wa mwezi wanaijua tofauti ambayo msafiri huyu ameisahau. Wako wanaokubali darubini, na wako wasiokubali ila jicho tupu. Lakini pande zote mbili humtaka shahidi aeleze ameuonaje. Kuwapo kwa mwezi ni swali moja, na kuonwa kwake na fulani ni swali jingine.

Basi picha ni ushahidi wa kweli juu ya mbingu, na ni ushahidi wa uongo juu ya msafiri. Madhara yake humpata anayefuata, ambaye hutumia akiba yake kwenda kuitafuta picha ile, akasimama chini ya wingu la kijivu lililo zuri kabisa, akaona kwamba amedhulumiwa.

Wako wapiga picha ambao huandika, chini ya kila picha, idadi ya sekunde ambazo kamera ilikaa wazi. Ni maneno mawili matatu, kwa herufi ndogo, na wachache huyasoma.