Zulia limelowa, maji yanaingilia wapi?



Zulia la gari likilowa upande wa abiria, usikimbilie kulianika tu. Fundi mzuri atauliza: linalowa mvua ikinyesha au ukiwasha AC? Kama ni mvua, mwaga maji polepole kwenye kioo na milango, mwenzako akiwa ndani na tochi. Kama ni AC, mara nyingi mpira wa kutolea maji umeziba uchafu, unazibuliwa, basi. Yakinata na kunukia utamu, ni kulanti ya hita (hiyo usiichezee!).

Sasa kwenye Kitubio wengi tunaanika zulia: “Padre, nimemjibu mama vibaya.” Kila mwezi lilelile. Je, hasira hiyo inaingilia wapi? Au ni mkeka uliochanika jana usiku? Daudi, Zaburi ya 51, hakuishia kuomba kuoshwa. Aliomba na moyo safi. Kabla ya kuungama, kaa dakika 10 na Roho Mtakatifu, yeye ashike tochi.