Aliyekula Nawe Anapokugeuka



Kijana mwenzangu, leo nianze na wewe uliyeko machimboni. Mmeungana watu wanne kwenye duara moja. Mmoja kauza ng'ombe, mwingine kaleta hela ya tumbaku kutoka Ulowa, wewe umetoa akiba yako yote. Miezi mnakula ugali na dagaa, mnazama chini. Siku mawe yanaanza kuonyesha, usiku mwenzenu mmoja anapakia mifuko kwenye pikipiki. Asubuhi simu haipatikani. Na siyo mtu baki huyo, ni yule mliyepokea naye Kipaimara, ndiye mliyempa daftari la mgao ashike.

Au haikuwa dhahabu. Ni mchumba uliyemlipia ada, akamaliza chuo akaolewa na mwingine. Ni siri uliyomwambia rafiki mmoja tu, ukaikuta kwenye grupu la WhatsApp la kwaya.

Kupoteza mali ni jambo moja, kusalitiwa ni lingine kabisa. Mvua ya mawe ikiharibu tumbaku utalia, ila mvua haikukuahidi kitu. Mtunga Zaburi ya 55 analijua hili: analalamika kwamba kama ni adui amemtukana angevumilia, lakini huyu ni mwenzake, waliokuwa wakienda naye nyumbani kwa Mungu. Malalamiko hayo yamo ndani ya Biblia, na Kanisa linayasali mpaka leo. Kwa hiyo anayekuambia "Mkristo halalamiki, mwachie Mungu tu" hajaisoma vizuri Zaburi.

Hapo katikati ya hasira ndipo hatari ilipo. Utasikia, "kuna mzee mahali, atakuonyesha mbaya wako." Jamani, tuambiane ukweli. Kanda yetu inajua kidole cha mganga kimeua watu wangapi, hasa bibi zetu, wasio na kosa lolote isipokuwa uzee na macho mekundu ya moshi wa jikoni. Ukienda huko kutafuta haki, unaweza kurudi wewe ndiye msaliti wa damu ya mtu. Kumtumaini Mungu kunaanzia hapo kwenye kukataa safari hiyo, hata kabla moyo haujatulia.

Sasa tusichanganye mambo mawili. Kumtumaini Mungu siyo kumwamini tena kila mtu. Yohane anaandika (Yn 2:24) kwamba Yesu hakujiaminisha kwa watu, kwa sababu aliwajua. Ni Yesu huyohuyo aliyemwosha Yuda miguu. Yusufu naye, ndugu zake walipofika Misri kutafuta chakula, hakukimbia kuwakumbatia. Aliwapa nafaka, akawapima kwanza, akataka kuona kama wangemtupa na Benyamini kama walivyomtupa yeye (Mwa 42–44). Machozi yalikuwepo, akaenda kulilia pembeni. Kwa hiyo unaweza kusamehe na bado usimrudishie daftari la mgao. Unaweza kusamehe na bado ukaenda polisi, au ukaita kikao cha wazee. Msamaha haufuti hesabu ya mifuko.

(Aristotle alisema upo urafiki unaosimama juu ya faida, faida ikiisha, nao unaisha. Darasani tuliona ni somo jepesi. Duarani ni somo la gharama.)

Lakini kuna kitu Aristotle hakukifikia, na kwa hicho twende ziwani. Mtakatifu Yosefu Mukasa Balikuddembe alikuwa mkuu wa vijana waliohudumu katika jumba la Kabaka Mwanga wa Buganda, mtu wa karibu sana na mfalme. Alipomwonya Mwanga juu ya kuuawa kwa Askofu Hannington wa Anglikana, ukaribu ule haukumsaidia: aliuawa tarehe 15 Novemba 1885. Ujumbe aliomwachia mfalme ulikuwa na pande mbili, umenihukumu bila haki, nami nimekusamehe. Hakumeza upande wa kwanza ili aonekane mpole. Juni iliyofuata, Karoli Lwanga na wenzake walichomwa Namugongo.

Mwaka 1888 Mwanga akapinduliwa. Akavuka Ziwa akiwa mkimbizi, kwanza Magu, hatimaye akabisha hodi Bukumbi, huku kwetu Usukumani, kwenye misheni ya Mapadre Weupe. Wakati huo walikuwepo pale mapadre waliowafundisha mashahidi wale, nao wenyewe wamefukuzwa Buganda, pamoja na baadhi ya Waganda waamini. Fikiria wewe ndiye unayefungua mlango. Haijapita hata miaka mitatu tangu Namugongo.

Wakampokea. Sidhani kama lilikuwa jambo rahisi, na sitaki kulifanya lionekane rahisi. Mwanga hakugeuka malaika baada ya hapo. Alirudi kwenye kiti chake, akaendelea na misukosuko yake, akafia uhamishoni Shelisheli mwaka 1903. Wale wa Bukumbi hawakupewa hakikisho lolote kwamba wema wao ungelipwa. Walimtegemea Mungu, siyo tabia ya Mwanga. Yosefu Mukasa kwa upande wake alitangazwa mtakatifu pamoja na wenzake 21 na Papa Paulo VI, tarehe 18 Oktoba 1964, yaani kama miaka 79 baada ya kifo chake. Mungu huchukua muda, na tukisema "atajibu" tuukumbuke na muda huo.

Wiki hii kama una mtu wa namna hiyo, fanya hivi. Nenda kanisani au kigangoni saa ambayo hakuna watu. Soma Zaburi ya 55 yote, hata ile mistari mikali, usiiruke. Halafu mtaje kwa jina mbele ya Mungu. Ukishindwa kumwombea, siku ya kwanza litaje jina tu, unyamaze. Kesho yake rudi tena.