Nasaba ya Farasi na Nasaba ya Mtu

Yaulizwa: Je, kiumbe hutukuzwa kwa asili yake au kwa kazi yake? Swali hili limejibiwa hata katika mazizi ya farasi, na kila nchi imetoa jawabu lake.

Amma Waarabu wa jangwani, nasaba ya farasi waliihifadhi vifuani, na ukoo wake wakaufuata kwa mama. Mnunuzi alipotaka yakini, aliletewa mashahidi. Daftari lao lilikuwa ulimi wa mtu mkweli.

Waingereza wakaandika. Mwaka 1791 Weatherby alianza kutoa kitabu cha nasaba za farasi wa mashindano. Farasi hao, kwa upande wa kuumeni, hurejea kwa madume watatu walioletwa kutoka Mashariki, mmoja wao akitoka Halab mwaka 1704. Lakini majike wengi wa mwanzo waliandikwa pasi na kujulikana wazazi wao. Basi kitabu kilichoanza na mapengo ndicho kilichokuja kuwafungia wengine mlango.

Kwani sheria za kuzuia kamari zilipofunga mashindano ya New York, farasi wengi wa Marekani walipelekwa ng'ambo. Mwaka 1913 wenye kitabu wakaweka kanuni: haandikwi farasi ila ambaye wazee wake wote wamo katika juzuu zilizotangulia. Wa Marekani wengi wakahesabiwa chotara, kwa upungufu wa madaftari ya kwao. Mwaka uliofuata, Durbar II, farasi wa Ufaransa mwenye damu ya Kimarekani kwa mama, akashinda mbio kubwa za Epsom, na kitabuni hamna jina lake. Mwaka 1948 My Babu na Black Tarquin, wa hali hiyo hiyo, wakashinda mbio nyingine kubwa za Uingereza. Mwaka 1949 kanuni ikalegezwa.

Wengine walishika njia ya kazi. Marekani, mwaka 1879, farasi wa kukokota vigari vya mashindano waliwekewa kipimo: aendaye maili moja kwa dakika mbili na nusu aandikwe, na jina la jamii hiyo, Standardbred, limetokana na kipimo hicho. Kadhalika huko Hanover, Ujerumani, farasi wa kuzalisha hukaguliwa maungo na mwendo, na damu ya jamii nyingine huingizwa ikionekana ina faida.

Hapa atasema msemaji: "Mwacha asili ni mtumwa. Je, nasaba ni upuzi?" Hasha. Asemaye uwongo juu ya baba wa mwana-farasi humdhulumu mnunuzi, na mnunuzi wa baada yake, hata vizazi. Kwa hiyo leo wenye vitabu vya farasi wa mashindano hawatosheki na kauli ya mwenye mali. Nywele au damu hupimwa hata wazazi wathibitike. Kuhifadhi nasaba ni amana.

Lakini amana si fakhari. Kitabu hushuhudia farasi ametoka wapi, hakiwezi kumkimbilia. Na mtu ni vivyo hivyo. Yuko ahesabuye mababu saba barazani, na deni la duka halilipi. Na yuko asiyejulikana babu yake wa pili, naye hulipa kwa wakati na kumtazama yatima wa jirani. Mzee mwenye binti aletewapo posa huuliza kwanza: "Huyu ni wa nani?" Swali hilo si baya. Baya ni kukoma hapo, asiulize la pili: "Naye mwenyewe ametenda nini?" Wenye kitabu cha farasi walichukua miaka 36 kulijua hilo, na umri wa binti haungoji kiasi hicho.