Nani Kasema Hao Si Watu? Maadili ya Kucheza Mchezo wa Mazombi

Swali ninalolijadili katika insha hii ni fupi: je, ni vibaya kumuua zombi katika mchezo wa kompyuta? Wengi watacheka kabla ya kufika mwisho wa sentensi hiyo. Zombi hayupo. Anayeanguka ni picha, na kompyuta ikizimwa hakuna maiti wala yatima. Mimi pia naanza na jibu hilohilo. Lakini mimi ni mchezaji wa mchezo huo, na pia ni Mnyarwanda, na mambo haya mawili yakikaa pamoja swali halibaki fupi.

Mchezo ninaouzungumzia unaitwa Project Zomboid. Umetengenezwa na kampuni ya Uingereza iitwayo The Indie Stone, na ulianza kuuzwa kwenye duka la Steam mwaka 2013. Mahali pake ni jimbo la Kentucky nchini Marekani, katika miji midogo kama Muldraugh na West Point, na katika jiji la Louisville. Wakati wake ni Julai 1993. Ugonjwa umeenea na watu karibu wote wa eneo hilo wamegeuka mazombi. Hakuna hadithi ya kufuata, hakuna hatua ya mwisho, hakuna kombe. Tangu mwanzo mchezo unakuarifu kwamba unachokwenda kukiona ni habari ya kifo chako. Kilichobaki ni kuishi siku chache zaidi: kutafuta chakula cha makopo na kitu cha kuyafungulia, kufunika madirisha kwa shuka, kugongomea mbao milangoni, kujaza maji kwenye ndoo na masufuria kabla mabomba hayajakauka. Televisheni na redio hutangaza siku za mwanzo, kisha hunyamaza moja baada ya nyingine. Ukifyatua risasi moja, mazombi wa mitaa ya jirani wanakuja. Ukiumwa mara moja tu, kwa mipangilio ya kawaida, huponi.

Tunaocheza tunajua kwamba sehemu kubwa ya mchezo huu si kuua. Ni kusubiri, kusikiliza, kupika, kushona jeraha, kuogopa. Hata hivyo kuua kupo, tena kwingi. Katika wiki moja ya mchezo mtu anaweza kuangusha mazombi mia moja kwa rungu la besiboli bila kujiuliza chochote. Ndiyo maana kaka mmoja tunayeishi naye bweni moja aliniuliza siku moja, bila hasira, "Wewe, na historia yetu hii, unawezaje?" Nilimjibu kwamba hao si watu. Akaniuliza tena, "Nani kakuambia?" Naona swali lake la pili ni zito kuliko la kwanza.

Nianze na utetezi wa mchezo, kwa sababu unastahili kutetewa. Wazazi na viongozi wa dini husema mara nyingi kwamba michezo ya kuua huzaa wauaji. Hoja hiyo haina nguvu kwetu Wanyarwanda. Waliotekeleza mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994 hawakujifunza kwenye kompyuta. Kompyuta zilikuwa chache mno katika Rwanda ya wakati ule. Waliua majirani zao kwa mapanga na marungu bila kuwa wamewahi kushika kitufe cha mchezo wowote. Kwa hiyo anayetafuta chanzo cha ukatili kwenye kioo cha kompyuta anatafuta mahali pasipo penyewe.

Mwanafalsafa Immanuel Kant alitoa hoja iliyo makini zaidi. Alifundisha kwamba hatuna wajibu wa moja kwa moja kwa wanyama, lakini anayemtesa mbwa anajizoeza ukatili, na mazoea hayo yatamfikia mwanadamu mwenzake. Tunaweza kuichukua hoja hii na kuipeleka kwenye mchezo. Zombi wa kompyuta hana hata maumivu ya mbwa, lakini suala si maumivu yake. Suala ni mazoea yangu mimi. Je, mchezo unanizoeza nini? Kwa mtazamo wangu haunizoezi kupiga, kwa maana kubonyeza kitufe hakufanani na kupiga. Kama kuna jambo unalonizoeza, ni kutouliza. Namwona mtu mbele yangu ana viatu, ana shati, ana kichwa, nami sihitaji kuuliza ni nani, ametoka wapi, wala amefanya nini. Jibu limetangulia swali.

Hapa historia ya zombi mwenyewe inatufaa. Neno hili halikuzaliwa Kentucky. Lilikuja kwetu kutoka Haiti, na wanaisimu wengi hulihusisha na lugha za eneo la Kongo, hasa neno la Kikongo nzambi, linalohusu Mungu au roho. Watu wengi wa eneo hilo walichukuliwa watumwa na kupelekwa katika koloni la Ufaransa la Saint-Domingue, ambako utumwa ulivunjwa kwa mapinduzi yaliyoanza mwaka 1791 na kuleta uhuru wa Haiti mwaka 1804. Katika imani za Haiti, zombi si mnyama anayeuma watu. Ni marehemu aliyefufuliwa na mchawi ili alime shamba bila ujira na bila hiari. Watu hawakumwogopa zombi kama tunavyomwogopa sisi kwenye mchezo. Waliogopa kufanywa zombi. Yaani waliogopa kwamba hata kifo hakitawatoa shambani. Katika masimulizi hayo, zombi akionja chumvi anajitambua na kutaka kurudi kaburini kwake.

Sisi tunaojifunza Kiswahili tuna neno lililo karibu sana na maana hiyo: msukule. Msukule, katika imani za baadhi ya jamii za Tanzania, ni mtu anayedhaniwa amekufa na kuzikwa, kumbe amechukuliwa kwa uchawi na anatumikishwa mashambani. Nilipokutana na neno hili kwa mara ya kwanza nilishangazwa na jambo moja. Familia inayoamini kwamba ndugu yao ni msukule haifikirii kumpiga rungu. Inauliza nani kamchukua, na inataka arudishwe nyumbani. Msukule ni mwizi wa nani? Hapana, msukule ndiye aliyeibwa.

Basi zombi aligeukaje kutoka kuwa mhanga hadi kuwa adui? Marekani iliikalia Haiti kijeshi kuanzia mwaka 1915 hadi 1934, na katika miaka hiyo hadithi za mazombi ziliingia katika vitabu na sinema za Wamarekani. Filamu ya White Zombie ilitoka mwaka 1932, na bado ndani yake zombi alikuwa mtumwa wa mchawi. Mwaka 1968 George Romero akatoa Night of the Living Dead, na hapo mchawi akatoweka. Wakabaki wafu wanaotembea na kula watu. Michezo yetu ya leo ni wajukuu wa filamu hiyo. Lakini Romero aliweka mwishoni jambo ambalo wajukuu wengi wamelisahau. Shujaa wake, Ben, ambaye ni mtu mweusi, anasalimika usiku kucha. Asubuhi kundi la wanaume wenye bunduki linafika kusafisha eneo. Wanamwona dirishani, wanadhani ni mmoja wa wafu, wanampiga risasi. Hakuna aliyempigia hodi. Hakuna aliyeuliza.

Sasa nirudi kwenye tarehe. Mchezo unaanza Julai 1993. Mwezi huohuo, mjini Kigali, redio ya RTLM ilianza kutangaza. Hiyo ni sadfa tu; watengenezaji wa mchezo walikuwa wakiifikiria Kentucky, na sitaki kuwabebesha mzigo usio wao. Lakini sadfa inaweza kumsaidia mtu kufikiri. Redio ile iliwaita Watutsi inyenzi, yaani mende. Mauaji yalipoanza Aprili 1994 iliyachochea, ikataja watu kwa majina na mahali walipo. Mahakama ya kimataifa iliyoketi Arusha iliwatia hatiani watu watatu wa vyombo vya habari mwaka 2003, wawili kati yao wakiwa waanzilishi wa RTLM. Majaji walielewa kwamba neno linaweza kuwa sehemu ya mauaji.

Neno mende linafanya kazi gani hasa? Tukisema ni tusi tu, tunalipunguzia uzito. Tusi humwendea mtu. Neno hili linamwondoa mtu mahali pake. Mende hajadiliwi. Mende hana kosa la kuthibitishwa wala udhuru wa kusikilizwa, na mtoto wa mende ni mende. Ukishalikubali neno hilo, hoja zote za maadili zimekwisha kabla hazijaanza. Hiyo ndiyo kazi ileile inayofanywa na neno zombi ndani ya mchezo.

Tofauti iliyopo ni moja, nayo ni kubwa. Ndani ya mchezo neno hilo ni kweli. David Chalmers, mwanafalsafa wa Australia, aliwahi kututaka tumfikirie kiumbe anayefanana nasi kwa kila kitu, ila ndani yake hakuna fahamu yoyote. Katika maisha hatuna kifaa cha kupima jambo hilo. Hata mwalimu anayesoma insha hii hawezi kuiona fahamu yangu, ananiamini tu. Lakini katika mchezo yupo anayejua. Mtengenezaji ndiye aliyeiumba dunia ile, naye ameamua kwamba ndani ya zombi hamna mtu. Kwa hiyo jibu la swali la kaka yangu lipo: aliyeniambia ni mtengenezaji wa mchezo, na mamlaka yake yanaishia kwenye kioo cha kompyuta. Nje ya kioo hicho hakuna binadamu, redio, chama wala serikali yenye mamlaka ya kututangazia kwamba kundi fulani limeacha kuwa watu.

Mtu anaweza kupinga akisema: lakini zombi anakushambulia, na kujilinda si kosa. Ni kweli kwamba kujilinda si kosa. Hata hivyo tuwe waangalifu, kwa sababu wachochezi wa mwaka 1994 nao walihubiri kujilinda. Waliwaambia wasikilizaji kwamba wasipoua wao watauawa. Kujilinda kwa kweli hutegemea jambo ambalo mtu huyu, hapa, sasa, analifanya. Kujilinda kwa uongo hutegemea jinsi mtu alivyo. Katika mchezo hakuna tofauti kati ya haya mawili, maana kila zombi atakuuma akipata nafasi. Katika maisha tofauti hiyo ndiyo mpaka kati ya haki na mauaji.

Kuna jambo ambalo Project Zomboid unalifanya vizuri kuliko michezo mingi, na ndilo linalonifanya niendelee kuuthamini. Mazombi wake wamevaa nguo za kazi zao. Utamkuta polisi, mzimamoto, mpishi, daktari. Ukipekua mfukoni unaweza kupata pochi, pete ya ndoa, au ufunguo wa nyumba. Ufunguo ule unafungua mlango wa kweli ndani ya mchezo. Unaingia, unakuta kitanda, vyombo jikoni, chumba cha mtoto. Zaidi ya hayo, mhusika wako akifa kwa kuumwa, anaweza kuinuka zombi. Ukiingia tena katika dunia ileile na mhusika mpya, unaweza kumkuta yule wa zamani anazurura na mkoba wako mgongoni. Hapo mchezaji anajua jina lake. Anajua alivyoogopa usiku wa kwanza na samaki aliowavua. Wachezaji wenzangu wengi husita mbele yake. Kwa nini tusite, kama zombi ni zombi? Kwa sababu huyu tunamjua. Kusita kule ni utu wetu unaojitokeza hata mahali ambapo hautakiwi na sheria yoyote.

Kwetu, kila Aprili, katika kipindi cha Kwibuka, majina ya waliouawa husomwa kwa sauti. Nilipokuwa mdogo niliona usomaji huo ni mrefu na sikuelewa maana yake. Sasa naona ni kinyume kamili cha neno inyenzi. Neno moja liliwafunika watu wote pamoja. Majina yanawatoa mmoja mmoja. Kwa Kinyarwanda tunasema ubumuntu, kwa Kiswahili utu, na lugha zote mbili zimetunga neno hilo kutokana na mtu, si kutokana na kundi.

Kwa hiyo hitimisho langu ni hili. Kumuua zombi katika mchezo si kosa, kwa sababu pale hakuna mtu, na tunajua kwamba hakuna. Kinachopaswa kutushtua ni urahisi wa dunia ile: dunia ambayo adui anajulikana kwa kumtazama tu. Mchezo unatupa kihalali kile ambacho mchochezi hutupa kwa uongo, na mtu anaweza kuuzoea urahisi huo akautafuta nje. Wanafunzi tunautafuta pia. Tunaishi pamoja watu wa nchi na makabila mengi, na katika makundi yetu ya WhatsApp sentensi zinazoanza na "wale wote" hupita kila wiki. Anayeziandika hatumii neno mende, lakini anaomba ruhusa ileile ya kutouliza. Tusimpe. Tumwulize: wepi, kwa majina, na wamefanya nini? Katika dunia hii tuliyomo, anayedai kwamba fulani si mtu ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha, na mzigo huo hataweza kuubeba.