Muhasaba wa Timu: Nani Alikosea, au Kwa Nini Ilitokea?

Ndugu msomaji, wengi wetu tunaosoma kompyuta tuna ndoto ya kuanzisha kampuni changa ya programu. Kabla ya kuzungumzia mtaji, nauliza: timu inapoharibu kazi, je, ni uadilifu kumtafuta aliyekosea?

Tuitazame GitLab, kampuni inayohifadhi kazi za waandishi wa programu. Usiku wa tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wake alikusudia kufuta data kwenye seva ya akiba. Akaifuta kwenye seva kuu. Walipozitafuta nakala za kila siku, hazikuwepo. Mashine ilishindwa kuzitengeneza, na barua pepe za kuonya zilikuwa zikikataliwa bila mtu kujua. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi huyohuyo aliichukua kama saa 6 kabla, kwa kazi nyingine. Data ya saa hizo ilipotea.

Kumfukuza kungekuwa rahisi, na sababu ingebaki imelala palepale. Kampuni ilieleza yote hadharani, ikauliza "kwa nini" juu ya "kwa nini", hadi ikakuta hili: hakuna aliyekabidhiwa jukumu la kuzijaribu nakala.

Wapo wanaosema kutolaumu ni kufuta uwajibikaji. Mimi naona tutenganishe mambo mawili. Nia ya mtu ni baina yake na Mola wake. Timu haina mizani ya kuipima. Matendo na utaratibu wa kazi timu inaweza kuvipima, na ni wajibu wake, kwa kuwa data ya wateja ni amana.

Hata hivyo, neno "mfumo" nalo linaweza kuwa shuka la kujifunika. Jibu la "hakuna aliyekabidhiwa" halimsamehe kila mtu. Linamgeukia kiongozi aliyepaswa kukabidhi.

Wahenga walisema kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Lakini kosa lililofichwa kwa woga hurudiwa na mwingine asiyelijua. Kwa hiyo, katika miradi yetu ya mwaka wa mwisho, kila hatua ikiisha tukae tuulize: tulitarajia nini, kimetokea nini, nani atabadilisha nini, na lini? Bila swali la mwisho, kikao kitakuwa mazungumzo tu, si muhasaba.

Allah atuwafikishe.