Uhuru na Amana: Je, Yafaa Mtawala Kuwa Mchuma?

Mas'ala haya ni ya zamani, na kila taifa lililojitoa katika mikono ya wageni hukutana nayo: je, yafaa mtu aliyepewa kuwatawala wenziwe akatazwe chumo ambalo ni halali kwa watu wote? Wako wasemao ya kuwa kumkataza ni kumdhulumu, kwani halali haigeuki haramu kwa sababu ya cheo. Na wako wasemao ya kuwa pasipo katazo hilo uhuru huwa jina tupu. Pande zote mbili zina hoja, wala haifai kukata shauri kabla ya kutazama yaliyotokea.

Yaliyotokea yatazamwe Arusha, chini ya mlima Meru. Mwaka 1946 nchi ya Tanganyika iliwekwa katika udhamini wa Umoja wa Mataifa, na Uingereza ikafanywa mdhamini wake. Maana ya udhamini ni kama uwasii: wasii hushika mali ya yatima mpaka yatima abaleghe, wala mali hiyo si yake. Illakini mwezi wa Novemba 1951 Wameru wapatao 3,000 walitolewa kwa nguvu katika ardhi yao ya Engare Nanyuki, nyumba zao zikatiwa moto, ili mahali pao wapewe walowezi wa Kizungu wafuge ng'ombe. Mwaka 1952 Kirilo Japhet, naye ni Mmeru, alikwenda New York pamoja na wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda, kushitaki mbele ya Baraza la Udhamini. Ardhi hawakurudishiwa, lakini khabari zao zilienea, na watu wengi wakafahamu ya kuwa mtawaliwa naye ana ulimi. Tarehe 7 Julai 1954 kikaundwa chama cha TANU, na tarehe 9 Disemba 1961 Tanganyika ikapata uhuru wake.

Katika kisa cha Meru mna funzo. Lililowaumiza watu wale si rangi ya mtawala peke yake. Liliwaumiza zaidi ya kuwa aliyeikata hukumu ya ardhi alikuwa ndugu wa waliopewa ardhi. Mshika mizani alikuwa na fungu katika kilichopimwa. Basi ikiwa dhulma ni hiyo, kuondoka kwa mgeni hakuiondoi. Humwondoa mtu, na kiti kikabaki na ladha yake, kikimngoja atakayekikalia.

Jambo hili halikukawia kudhihiri. Mwezi wa Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam waliandamana kukataa masharti ya kulitumikia taifa, wakasema ya kuwa viongozi wanaishi kwa anasa. Rais Julius Nyerere aliwafukuza wanafunzi wale, lakini neno lao hakulitupa: alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa khumusi. Mwezi wa Januari 1967 Halmashauri Kuu ya TANU ikakutana Arusha, na mikutano ya mwisho ikafanywa katika ukumbi wa watu wa Kaloleni. Kaloleni hii ni mtaa wa mji wa Arusha, si ile ya Wagiriama. Ukumbi ule mwaka 1977 ulifanywa nyumba ya makumbusho. Humo lilipitishwa Azimio la Arusha, likatangazwa tarehe 5 Februari 1967.

Wengi hulikumbuka Azimio kwa mabenki na mashamba yaliyochukuliwa na serikali. Lakini kwa mas'ala haya yaliyo muhimu ni masharti matano ya kiongozi: awe mkulima au mfanyakazi, asishiriki ubepari wala ukabaila, asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya mtu binafsi, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Na katika neno kiongozi aliingizwa mke wa kiongozi, au mume wake, ili mlango usifungwe mbele ukaachwa wazi nyuma.

Sharti la nyumba lilikuwa zito khasa kwa watu wa pwani. Mtu wa mjini akiba yake ni nyumba: hujenga vyumba sita, akakaa kimoja na ahali zake, akapangisha vilivyobaki, ikawa ndiyo riziki yake ya uzeeni. Akisema msemaji: mtu huyu ana kosa gani? Jawabu ni ya kuwa hana kosa, wala hakuharimishiwa nyumba yake. Amekhiarishwa: akitaka kodi aache kiti, na akitaka kiti aache kodi. Kwani atakayeketi kuamua kodi za nyumba, naye ni mwenye nyumba, atawezaje kumwamulia mpangaji? Hata akiamua kwa haki, mpangaji hatasadiki, na hukumu isiyosadikiwa ni nusu ya hukumu.

Akisema tena: je, na akiwa na njaa? Hapa hoja ina nguvu. Imepokewa ya kuwa Abubakar, radhi za Allah zimshukie, alipofanywa khalifa alitoka asubuhi amebeba nguo kwenda sokoni kuuza kama ada yake. Omar akamzuia, kisha akapangiwa posho katika baitulmali. Hakuzuiwa biashara akaachwa mikono mitupu, alizuiwa, akalishwa. Katazo lina miguu miwili, na ukikatwa mmoja huanguka. Katika Tanzania, miaka ya 1980 mshahara wa mtumishi wa serikali ulikuwa haumfikishi mwisho wa mwezi, na wengi wakatafuta chumo la pembeni. Mwaka 1991 chama cha CCM, katika mkutano wake wa Zanzibar, kikayalegeza masharti yale. Mwaka 1995 ikatungwa sheria ya maadili ya viongozi, imtakayo kiongozi aitangaze mali yake.

Kutangaza ni kheri kuliko kuficha, lakini si sawa na kuacha. Mwenye kutangaza husema, "Hili ndilo fungu langu". Naye bado yuko katika mizani. Basi yaonekana ya kuwa waliosema katazo ni dhulma wamesahau ya kuwa cheo hakilazimishwi mtu, na waliolisimamisha katazo walisahau ya kuwa mlinzi naye hula. Taifa likitaka mtawala asiyekuwa na fungu, sharti limtoshe kwa kadiri ya haja, kisha limhesabu bila ya haya. Na mtu atakaye ukubwa na ajiulize kabla ya kuuomba: ni lipi katika mali yake aliloweza kuliacha? Likiwa halipo, uchumi wa halali wamtosha, na mlango wake uko wazi.

Wallahu aalam.