Je, Tundu ni Kitu?

Monoma za methakrilati huchanganywa na kianzishi kinachovunjwa na mwanga, kisha hutiwa alkoholi mbili, sikloheksanoli na dodekanoli. Mchanganyiko ukimulikwa kwa mwanga wa urujuanimno wa nanomita 365, kianzishi hupasuka na kutoa radikali huru, nazo monoma huungana kuwa minyororo. Minyororo hurefuka na kufungamana hadi alkoholi haiwezi tena kuiyeyusha. Polima hujitenga, vijidonge vyake hushikamana, alkoholi hunaswa katikati. Ikioshwa ikatoka, hubaki polima yenye vitundu. Je, kilichotengenezwa hapo ni polima peke yake, au na vitundu pia?

David na Stephanie Lewis, katika makala yao ya 1970 yaliyoandikwa kama mazungumzo, walimpa mhusika wao mmoja jibu kali: tundu ni ukuta unaolizunguka, basi. Jibu hilo lina mvuto, kwa kuwa linatuepusha na kuhesabu utupu miongoni mwa vilivyopo. Lakini tazama mtengenezaji anavyofanya kazi. Akizidisha dodekanoli, ambayo ni kiyeyusho dhaifu zaidi, polima hujitenga mapema na vitundu huwa vikubwa. Monoma ni zilezile, kiasi chake kilekile. Anachokipima ni upana wa mahali pasipo na polima, na ana sababu nzuri: katika mfereji mwembamba wa mviringo, kipenyo kikiongezeka mara mbili, kimiminika kinachopita kwa shinikizo lilelile huongezeka mara 16.

Atakayepinga atasema utupu hausukumi chochote. Kinachosukuma ni shinikizo, na kinachozuia ni ukuta. Kweli, na hilo nalikubali bila kinyongo. Ila kusukuma si namna pekee ya kuwa sababu. Ukiulizwa kwa nini maji yamepita hapa na si pale, kutaja ukuta tu hakutoshi, maana ukuta upo pande zote mbili. Itabidi useme ni wapi ukuta umeachia nafasi.

Hata hivyo tundu halijitegemei. Mwanga ukipitishwa kwenye kizuizi chenye uwazi, polima hujengeka pale tu ulipofika. Pasipomulikwa, mchanganyiko huoshwa wote. Pale pamebaki utupu mwingi kuliko ulio ndani ya polima, lakini hakuna kitundu hata kimoja, kwa sababu hakuna cha kukibeba.